UZI: Mary Midgley na hulka ya binadamu. Sayansi inaishia wapi, hadithi inaanzia wapi?

#1 Mpembuzi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu unamhusu Mary Midgley, mwanafalsafa wa maadili wa Uingereza (1919–2018). Mara nyingi anatajwa kama mtu mwenye ugomvi na sayansi. Anayemsoma hivyo anapotea mapema sana, kwa sababu kitabu chake cha kwanza, Beast and Man cha mwaka 1978, kinafungua kwa kusema kwamba sisi hatufanani tu na wanyama, sisi ni wanyama. Anayeichukia biolojia haanzi hivyo. Kitabu kilitoka akikaribia miaka 59, akiwa amekwisha kufundisha Chuo Kikuu cha Newcastle kwa muda mrefu na kusoma kwa makini kazi za Konrad Lorenz, Niko Tinbergen na Jane Goodall kuhusu mienendo ya wanyama.

Alibishana na pande mbili kwa wakati mmoja, na hapo ndipo wengi wanapochanganya. Upande mmoja ni wale wanaodai binadamu hana hulka yoyote, anazaliwa kama karatasi tupu na jamii ndiyo inayoandika. Upande wa pili wanakubali hulka ipo, kisha wanaieleza yote kwa neno moja, ubinafsi, na kuligongea muhuri wa sayansi. Mwaka 1975 mwanabiolojia Edward O. Wilson, katika kitabu chake kikubwa cha sosiobiolojia (uchunguzi wa mizizi ya kibiolojia ya tabia za kijamii), alipendekeza ifikiriwe kama wakati umefika maadili yaondolewe kwa muda mikononi mwa wanafalsafa na kukabidhiwa biolojia. Midgley alikubaliana naye kwamba hulka ipo na tumeirithi. Alichokataa ni ule mruko wa kutoka "hivi ndivyo sifa fulani inavyoenea kizazi hadi kizazi" hadi "hivi ndivyo mtu anavyotaka moyoni".

Niweke mezani utaratibu wa kupima madai ya namna hii. Mpangilio ni wangu, ila nimeutoa katika namna anavyochambua. Tuchukue sentensi: "Sayansi imethibitisha kuwa binadamu kwa asili ni mbinafsi."

Kwanza, tafuta mtendaji. Nani hasa ni mbinafsi hapa? Jeni, yaani chembe za urithi? Kiumbe kizima? Kundi? Sentensi nyingi za aina hii huanza na mtendaji mmoja na kumalizia na mwingine, na msomaji haoni walipobadilishana.

Pili, tafuta neno linalofanya kazi mbili. Kwa mwanabiolojia wa mageuzi, tendo la "kibinafsi" ni lile linaloongeza uwezekano wa mtendaji kuishi na kuzaa huku likipunguza wa mwingine. Nia haimo. Kwa mtu wa kawaida, mbinafsi ni yule asiyewajali wenzake. Hapa nia ndiyo kila kitu.

Tatu, na hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka: andika upya hoja yote ukitumia maana moja tu, mwanzo hadi mwisho. Utapata kitu kama hiki: "Jeni zilizopo leo ni zile ambazo athari zake ziliziwezesha kunakiliwa zaidi ya nyingine, kwa hiyo jeni zilizopo leo ni zile ambazo athari zake ziliziwezesha kunakiliwa zaidi." Ni kweli, na ni muhimu kwa biolojia, lakini haijasema lolote kuhusu mama, rafiki, au mtu anayerudisha pochi aliyoiokota. Lile hitimisho la kutisha limeyeyuka.

Nne, uliza hadithi gani ilikuwa imepandishwa mgongoni mwa hoja hiyo. Karibu kila mara ni picha ya kila mtu kupigana na kila mtu, picha ambayo mwanafalsafa Hobbes aliichora karne ya 17, kabla jeni hazijajulikana. Picha iliyotangulia ushahidi haiwezi kuwa imezaliwa na ushahidi huo.

Karibuni.

#2 Hesabu_Kwanza

Mkuu, uzi mzuri, ila nina pingamizi. Umeongea kana kwamba biolojia ina sitiari tupu. Kuna hesabu. Kanuni ya mwanabiolojia W. D. Hamilton ya 1964 inasema tendo la kujitolea litaenea ikiwa r mara B inazidi C, yaani rB > C, ambapo C ni gharama kwa mtendaji, B ni faida kwa mpokeaji, na r ni ukaribu wao wa kinasaba. Ndugu wa baba na mama mmoja ni 1/2, wa mzazi mmoja ni 1/4, binamu ni 1/8. Halafu 1971 mwanabiolojia mwingine, Robert Trivers, akaonyesha namna wasio na undugu wanavyoweza kusaidiana kwa malipo ya baadaye. Ukiweka hizo mbili pamoja, kujitolea kote kumeelezwa kama faida iliyojificha. Kimebaki nini cha mwanafalsafa?

#3 Mpembuzi

Swali zuri, na jibu lake liko ndani ya kanuni yenyewe. Tuifanye kwa tarakimu. Mnyama anapiga kelele ya tahadhari. Tuseme C = 1, yaani kwa wastani anapoteza nafasi ya kuzaa mtoto mmoja. Kwa ndugu kamili B lazima izidi 2, kwa wa mzazi mmoja izidi 4, kwa binamu izidi 8. Hapo kanuni imemaliza kazi yake. Inatuambia tabia ipi itaenea na ipi itafifia.

Sasa angalia kizio cha B na C. Ni idadi ya watoto inayotarajiwa. Hakuna mahali pa kuandika "anataka nini". Ukimweka mnyama anayewapenda ndugu zake kwa dhati, asiyejua wala kuwazia jeni, hesabu inatoka vilevile. Tena upendo wa dhati unaweza kuwa ndiyo njia nyepesi zaidi ambayo uteuzi asilia ungeweza kuitumia, maana kiumbe anayepiga hesabu kabla ya kumwokoa mwanawe atachelewa. Kwa hiyo kanuni inaeleza kwa nini upendo upo. Haisemi kwamba upendo haupo. Neno "faida iliyojificha" umeliongeza wewe, na yeyote anayelitumia analiongeza pia, kwa sababu kujificha kunahitaji mtu anayeficha.

#4 Darubini

Niongezee nyama hapo kwenye r, kwa sababu kuna kosa linalojirudia. Watu husikia kwamba binadamu na sokwe wanafanana sana katika DNA, kisha wanauliza mbona basi hatuwapendi sokwe karibu sawa na ndugu zetu. Wamechanganya vitu viwili. r haipimi kufanana kwa jumla. Inapima kufanana kwa ziada, juu ya wastani wa jamii ambamo jeni zinashindana. Ukishaelewa hilo, unaelewa pia kwamba r ni chombo cha kupimia mwenendo wa jeni katika jamii ya viumbe, siyo kipimajoto cha mapenzi. Anayesema "nakupenda nusu kwa sababu wewe ni ndugu yangu" ametumia rula kupima uzito.

#5 Mtetezi_wa_Hoja

Naomba nipingane na mwelekeo wa uzi. Mnamwandikia Midgley sifa tupu. Mwaka 1979 alichapisha makala katika jarida la Philosophy kumshambulia mwanabiolojia Richard Dawkins, mwandishi wa The Selfish Gene ("Jeni Yenye Ubinafsi"), na akaifungua kwa kusema jeni haziwezi kuwa na ubinafsi wala kukosa ubinafsi, kama vile atomi zisivyoweza kuwa na wivu, tembo kuwa dhahania, au biskuti kuwa na makusudi. Inafurahisha kusoma, lakini kama pingamizi haifiki mbali. Dawkins alikuwa ameandika wazi katika kitabu hicho cha 1976 kwamba kwake ubinafsi na kujitolea ni istilahi za matokeo ya tendo, hazihusu saikolojia ya nia. Mtu akifafanua istilahi yake kisha akaitumia kama alivyoifafanua, huwezi kumshitaki kwa maana ya mtaani. Wanafizikia wana quark, chembe ndogo mno ndani ya atomi, yenye "rangi" na "ladha" na hakuna anayewauliza ni tamu au chungu. Dawkins alimjibu 1981, na Midgley mwenyewe mwaka 1983 aliomba radhi kwa ukali wa lugha yake.

#6 Mpembuzi

Yote uliyosema ni kweli na yanapaswa kuwepo kwenye uzi. Ukali ule ulimgharimu sana. Mpaka leo kuna wanaomjua kwa sentensi ya biskuti tu, na hicho ndicho chanzo cha ile sifa ya kuichukia sayansi niliyoigusa mwanzoni.

Lakini mfano wa quark unanisaidia mimi. Hakuna mwanafizikia aliyewahi kumalizia sura kwa kutuonya tuwe makini na watu wenye rangi fulani kwa sababu ya quark. Istilahi ile inakaa ndani ya uzio wake. "Ubinafsi" haukukaa. Katika kitabu hichohicho cha 1976, baada ya kufafanua kwamba nia haihusiki, Dawkins aliandika kwamba tujaribu kufundisha ukarimu na kujitolea kwa sababu tumezaliwa wabinafsi. Pima sentensi hiyo kwa hatua ya kwanza na ya pili. "Sisi" tuliozaliwa ni nani? Ni watu, siyo jeni. Na ukarimu unaofundishwa ni wa nia, kwa sababu hakuna anayemfundisha mtoto kupunguza idadi ya wajukuu atakaopata. Mtendaji amebadilika, na neno limebadilika maana, ndani ya mstari mmoja.

Kwa heshima ya Dawkins niseme hili: katika toleo la miaka 30, mwaka 2006, aliikubali kasoro ya sentensi hiyo na kuwaomba wasomaji waifute vichwani mwao. Huo ni uungwana wa kitaaluma. Lakini kwa miaka 30 ndiyo sentensi iliyosafiri, si ule ufafanuzi. Midgley alikosea toni. Kwamba sitiari ile ingeukimbia uzio wake, hakukosea.

#7 Kiota

Tumekaa sana kwenye jeni. Upande wa karatasi tupu nao unahitaji kuguswa, na hapo Midgley ana chombo kizuri kuliko vyote alivyotuachia, kwa maoni yangu: tofauti kati ya silika funge na silika wazi.

Silika funge imepangwa hadi kipengele cha mwisho. Nyuki akirudi mzingani hucheza ngoma inayowaelekeza wenzake upande na umbali wa chakula. Hatua za msingi za ngoma ile anazaliwa nazo. Kwera, ndege mfumaji, hufuma kiota chake kwa mpangilio wa aina yake, fundo kwa fundo. Silika wazi ni mpango wenye nafasi zilizoachwa makusudi zijazwe na uzoefu. Paka ana hamu ya kuwinda tangu akiwa mdogo, lakini namna ya kuvizia na kuua anaikamilisha kwa kucheza, kujaribu na kumtazama mama yake. Kadiri mnyama alivyo na akili zaidi, ndivyo silika zake zinavyokuwa wazi zaidi. Akili haiifukuzi silika. Inajaza nafasi zilizoachwa.

Angalia lugha. Kila jamii ya watu ina lugha, na mtoto asiye na kasoro huishika bila kupangiwa masomo. Huo ndio mpango. Lakini hakuna anayezaliwa na msamiati. Hiyo ndiyo nafasi. Anayesema lugha ni ya asili tu amekosea, na anayesema ni ya jamii tu amekosea vilevile.

Kosa la watetezi wa karatasi tupu ni kudhani kwamba silika zote ni za aina ya nyuki, kisha kwa kuwa binadamu hachezi ngoma ya nyuki, wakaamua hana silika. Walikataa aina moja wakadhani wamekataa zote.

Kuna hatari nyingine humo, ya kisiasa. Kama binadamu hana hulka, basi hakuna unachoweza kumfanyia ambacho kinakwenda kinyume na hulka yake. Mtawala anaweza kumfinyanga apendavyo, na huna msingi wa kusema kwamba ameumizwa. Watu walioipenda nadharia ile kwa ajili ya uhuru hawakuona kwamba inaukata uhuru miguu.

#8 Msomaji_Mgeni

Swali fupi. Mwanafalsafa David Hume alisema huwezi kutoa "inapaswa" kutoka "ipo". Je, Midgley hafanyi kosa hilohilo, kuchukua hulka na kuigeuza maadili?

#9 Mpembuzi

Hume (1740, kitabu cha tatu cha kazi yake A Treatise of Human Nature) alilalamika kwamba waandishi wanahama kutoka "ni" kwenda "inapaswa" bila kueleza wamevukaje. Alidai maelezo ya daraja. Walioligeuza lalamiko hilo kuwa ukuta usiovukika ni wa baadaye, hasa baada ya mwanafalsafa G. E. Moore mwaka 1903. Midgley analeta daraja, na nguzo zake ni mbili.

Nguzo ya kwanza ni Joseph Butler, mhubiri na mwanafalsafa, katika hotuba zake za 1726. Waliosema kila tendo ni la kujipendelea walitoa hoja hii: hata anayemsaidia mwenzake anapata raha, kwa hiyo anaitafuta raha yake. Butler akajibu kwamba wamegeuza mpangilio. Njaa inalenga chakula, hailengi raha ya kushiba. Raha inakuja kwa sababu tayari ulikitaka chakula. Vivyo hivyo, kumsaidia mtu kunakupa raha kwa sababu tayari ulimtakia heri. Ondoa matakwa yanayolenga vitu na watu, na kujipenda kunabaki hakuna cha kushika. Kwa hiyo hulka yetu si pipa la kitu kimoja. Ni mkusanyiko wa matakwa mengi yanayolenga vitu tofauti, na mengine yanalenga watu wengine moja kwa moja.

Nguzo ya pili ni Darwin mwenyewe, na hapa naomba mkae nami kidogo. Katika kitabu chake cha 1871 kuhusu asili ya binadamu anamtaja mbayuwayu. Ndege huyu anawalisha makinda yake kutwa nzima kwa bidii. Kisha vuli inaingia, wenzake wanaanza kukusanyika, na msukumo wa kuhama unampata. Baadhi ya majike wanaruka na kuyaacha makinda yafe kiotani. Darwin anauliza: akifika mwisho wa safari, msukumo wa kuhama ukiwa umetulia, ingekuwaje kama ndege yule angekuwa na akili nyingi na picha ya watoto wake wakifa kwa baridi na njaa ikawa inampitia akilini bila kukoma? Angeteseka kwa majuto.

Angalia viungo vya mfano huo. Kuna matakwa mawili, yote ya asili. Moja ni kali na linapita. Jingine ni la upole na linadumu. Ndege asiye na kumbukumbu hana tatizo, kila tamaa inatawala ikiwa zamu yake. Ongeza kumbukumbu na uwezo wa kutazama mbele, na mgongano unakuwa wake yeye, lazima auamue kama mtu mmoja. Dhamiri inaanzia hapo. Midgley aliuweka mfano huu katikati ya kitabu chake cha 1994, The Ethical Primate, kwa sababu unaonyesha kwamba maadili hayakushushwa juu ya mnyama kutoka nje. Yanatokana na kuwa mnyama mwenye matakwa yanayogongana na akili ya kuyaona yote kwa pamoja.

Kwa hiyo jibu la swali lako: hasemi "jambo hili ni la asili, basi ni jema." Hasira ni ya asili, wivu ni wa asili. Anasema kwamba "jema" haliwezi kueleweka bila kujua kiumbe huyu anahitaji nini. Kujua kwamba mtoto wa binadamu asiyeshikwa wala kusemeshwa anadumaa ni kujua "ni". Anayekubali hilo kisha akauliza "lakini kwa nini nimjali?" hajagundua pengo la kimantiki. Amejitoa kwenye mazungumzo.

#10 Darubini

Tusimfanye Midgley aonekane anadhani asili ni tamu. Mwaka 1973 aliandika makala kuhusu dhana ya "unyama", akieleza jinsi tulivyomchora mbwa mwitu kwa macho ya mfugaji, anayekutana naye siku ya kuibiwa kondoo tu. Waliomfuatilia porini walikuta mnyama mwaminifu kwa mwenzake, anayelea watoto na kuishi kwa adabu na kundi lake. Wengine wakaruka upande wa pili na kudai uovu ni wa binadamu peke yake. Lakini huko Gombe, Tanzania, kati ya 1974 na 1978, watafiti wa kituo cha Goodall waliona sokwe wa kundi moja wakiwavizia na kuwaua waliokuwa wenzao, mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo ukatili una mizizi.

Alichoandika Midgley kuhusu uovu mwaka 1984 kinaendana na yote mawili. Uovu si kiungo cha ziada mwilini. Ni kile kinachotokea tamaa mojawapo ya kawaida, kama woga, uchu wa madaraka au kinyongo, inapoachiwa itawale bila zile nyingine za kuizuia. Ndiyo maana kuutafuta "uovu" kama kitu kimoja ndani ya ubongo ni kutafuta giza kwa tochi.

#11 Hesabu_Kwanza

Nimekubali kuhusu nia. Bado nina mfupa mmoja. Mwanasayansi Francis Crick aliandika 1994 kwamba wewe, furaha zako na huzuni zako, kumbukumbu na matamanio yako, si zaidi ya mwenendo wa mkusanyiko mkubwa wa seli za neva. Hilo ni kweli au si kweli?

#12 Kiota

Tatizo liko kwenye "si zaidi ya". Chukua saini kwenye mkataba. Mwanafizikia atakupa mkandamizo wa kalamu na njia ya wino, milimita kwa milimita, bila kuacha pengo. Mtaalamu wa neva atakupa misuli na mishipa iliyoiendesha. Sasa uliza: je, saini hii ni ya kughushi? Jibu halimo katika maelezo yale, hata yakikamilika, kwa sababu swali linahusu nani aliahidi nini kwa nani. Halihitaji wino wa ajabu wala roho ndani ya kalamu. Linahitaji ramani nyingine ya jambo lilelile.

Midgley alitumia mfano wa atlasi: ramani ya siasa, ya mvua na ya milima zinaweza kuonyesha nchi ileile, na hakuna aliyewahi kudai kwamba mipaka ya nchi "si zaidi ya" miinuko. Ramani ya seli za neva ni ya kweli. Inakuwa uongo pale inapodai kuwa atlasi nzima.

#13 Mtetezi_wa_Hoja

Mfano wa ramani una udhaifu, na tusiufiche. Ramani za atlasi hazipingani. Maelezo kuhusu binadamu hupingana. Daktari akisema mshitakiwa ana uvimbe kwenye ubongo na mwendesha mashitaka akasema alikusudia, hakimu hawezi kusema "ramani zote ni sahihi, kikao kimefungwa." Midgley hatoi kanuni ya kuamua ipi itangulie.

#14 Mpembuzi

Hapo umegusa penyewe. Kanuni moja hatoi, na aliona kwamba kuitafuta kanuni moja ndiyo kosa lenyewe. Anachotoa ni kazi ya fundi bomba. Mwaka 1992 alifananisha falsafa na mabomba chini ya sakafu: hakuna anayeyawazia hadi maji yatoe harufu. Ramani mbili zikigongana, hufungui mfumo mzima. Unakwenda pale zinapogusana na kuuliza kila moja ilikuwa inajibu swali gani.

Kwenye mfano wako pointi ya mguso ni uwezo wa kujizuia. Uvimbe ungekuwa kwenye sehemu isiyohusika na kuamua au kujidhibiti, ramani ya daktari ingekuwa kweli na isingegusa kusudio. Ukiwa sehemu inayohusika, basi daktari hajaifuta ramani ya nia, ameijazia: anasema zile tamaa za kuzuia hazikupata nafasi ya kufanya kazi. Hakimu bado lazima apime kwa kiasi gani, na kipimo hicho hakisomwi kwenye picha ya ubongo. Kinatoka kwenye maswali ya kawaida: alipanga? alijificha? aliwahi kuacha alipoambiwa aache? Kila moja lina ushahidi wake, na kila jibu linaweza kubadilisha uzito wa picha ile.